Begi la Zipu Kumi na Saba

Mjinga wa siku ile alikuwa Mochama, na hakuna haja ya kutafuta mwingine. Mwenyewe anakiri, tena anakiri mbio mbio kabla mkewe hajaanza kusimulia, maana hadithi hii ikisimuliwa na Sellah huwa ndefu zaidi na Mochama huwa mjinga zaidi. Basi tuishike pale anapoishika yeye: alikwenda dukani kununua begi la kubebea kamera, na akalijaribu likiwa limejazwa magazeti.

Magazeti! Mtu wa miaka hamsini na mmoja, aliyeanza kupiga picha enzi za filamu, mtu ambaye hanunui hata parachichi bila kulibonyeza. Viatu huvijaribu kwa mguu wake, si kwa mguu wa muuza viatu. Lakini begi la kubeba riziki yake yote alilivaa likiwa na siasa za mwezi uliopita ndani, akatembea hatua sita juu ya vigae, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Nimelipenda."

Tusimcheke bado. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hununua upesi.

Kuchoka kwenyewe hakukuanza jana. Kwa miaka ishirini na mitano Mochama alibeba vyombo vyake kwenye mfuko wa mkanda mmoja, bega la kushoto: harusi, mazishi, mahafali, uzinduzi wa tangi la maji, popote kati ya Kericho na Bomet palipokuwa na hema na mtu wa kushika kipaza sauti. Bega likashuka polepole kama rafu iliyolegea msumari. Fundi aliyempima suti ya harusi ya shemeji yake alirudia vipimo mara tatu, kisha akauliza kwa adabu kama suti hiyo ni ya mtu mmoja. Halafu, mwaka jana, kwenye harusi moja huko Roret, Mochama aliinama kupiga picha ya keki na hakuinuka. Akabaki pale pale, uso umeelekea keki. Wageni wa meza ya mbele wakadhani ni maombi, wakafumba macho. Mhubiri peke yake ndiye aliyegundua kwamba maombi yale hayana amina, akamshika kiuno na kumkalisha.

Tangu siku hiyo alikaa studio. Studio yake ni chumba kimoja mjini Kericho, nyuma ya duka la dawa, na kazi ya humo ni sentensi tatu: "Tazama hapa. Usicheke. Masikio yaonekane." Mwaka mzima. Kwa mtu aliyezoea ukungu, jua na watu wanaocheka bila kuambiwa, sentensi tatu hizo huchosha kuliko kupanda kilima.

Ndipo akaja Janefer, katibu wa ushirika wa wakulima wa chai. Alitaka picha za wakulima thelathini, kuanzia Kiptere mpaka Roret, za kutundikwa katika ofisi yao mpya. "Na sitaki za studio," alisema. "Nataka mtu akiwa kwa chai yake. Kukinyesha, iwe ya mvua. Kukiwa na matope, iwe ya matope." Mochama alikubali kabla ya kuuliza mgongo wake.

Jioni alimwambia mkewe, "Mama Moraa, hii ndiyo kazi ya kupimia. Mgongo ukiikataa, nauza ile lenzi ndefu, na sitoki tena nje ya mlango wa studio mpaka nizikwe."

"Sawa," Sellah alisema.

Wanaomjua Sellah wanajua kwamba "sawa" yake si jibu. Ni kiti anachokalia akingoja.

Mtaalamu wa viungo pale zahanati alikuwa ametoa hukumu fupi: mabega mawili, au usibebe. Kwa hiyo ilibidi litafutwe begi la mgongoni. Sellah akauliza, "Nikusindikize?" Mochama akajibu kwa sauti ya profesa, "Begi la kamera ni mambo ya kitaalamu, Mama Moraa." Hapo ndipo ujinga ulipopandwa, dukani ulivunwa tu.

Duka lenyewe liko kando ya barabara ya kwenda Kisumu, linauza hema, gambuti na helmeti za bodaboda. Muuzaji wake, jamaa anayeitwa Kimeli, ana sauti laini ya kumtulizia ng'ombe anayekamuliwa.

"Karibu, mzee."

"Mzee ni nani?"

"Karibu, bosi," Kimeli akasahihisha bila kupepesa jicho. "Bosi, hii hapa ni ya mlima. Wale wanapandanga Mlima Kenya hubeba hii. Ona mkanda wa kiuno. Ukifunga hapa, uzito wote unashuka kwa nyonga. Mgongo unalala tu."

Mgongo unalala tu! Maneno mengine yote yalipita, hayo yakabaki. Kwa maneno hayo hayo Kimeli angeweza kumuuzia jeneza.

"Na zipu?"

"Kumi na saba."

Wakazihesabu pamoja, kwa sauti, kama watoto wa chekechea. Palikuwa na mfuko wa betri, mfuko wa kalamu, mfuko wa miwani, mfuko ndani ya mfuko, na mmoja ambao Kimeli mwenyewe hakujua kazi yake lakini aliusifu.

"Na mvua je?" Mochama akauliza, maana hakuwa mjinga kabisa.

"Iko na koti yake ya mvua, bosi. Imeingizwa humo ndani ndani."

Ndani ndani wapi, hakuuliza. Begi tupu lina uzito gani, hakuuliza. Kioo kilimwonyesha mtu anayengojewa na helikopta. Akalipa, akaenda nalo nyumbani, na usiku akalipakia vyombo: kamera mbili, lenzi tatu pamoja na ile ndefu kama chupa ya chai, taa, stendi, betri, nyaya. Zipu kumi na saba zikameza vyote na bado zikaachama. Asubuhi alipoliinua alisikia mgongo ukimwambia neno fulani, lakini bodaboda ilikuwa tayari inapiga honi.

Mkulima wa kwanza kwenye orodha ya Janefer alikuwa Phyllis, wa Kiptere, mwanamke wa miaka sitini na mitatu anayechuna chai yake mwenyewe kwa sababu, asemavyo, vibarua huchuna huku wakiangalia saa. Bodaboda ilifika penye matope ikagoma, Mochama akapanda kipande cha mwisho kwa miguu. Na lazima tulitendee begi haki: barabarani lilikuwa tamu. Mkanda ulikaza nyonga, mabega yakapumua. Mochama akamshukuru Kimeli kimoyomoyo, akafika kwa Phyllis saa moja asubuhi akiwa na jasho la heshima.

"Chamgei," akasalimia kwa Kipsigis chake cha sokoni.

"Chamgei mising," Phyllis akaitikia. Alikuwa tayari ndani ya chai, amevaa aproni ya nailoni ya kuzuia umande, kikapu mgongoni. Akamtazama Mochama kutoka juu mpaka chini, macho yakakwama katikati. "Umekuja kupiga picha ama umehama?"

"Vyombo vya kazi, Mama."

"Haya, ingia. Nachuna mpaka saa saba, halafu karani anapima. Mimi sisimami kwa ajili ya picha. Wewe nifuate."

Akafuata. Na hapo ndipo barabara ilipokwisha na chai ikaanza.

Chai iliyotunzwa vizuri ina uso mmoja uliosawazishwa, wachunaji huuita meza, na meza ya Phyllis humfika mtu kiunoni. Chini ya meza kuna matawi ya miaka arobaini, magumu kama mifupa. Kati ya mstari na mstari pana nafasi ya mguu mmoja, mwenzake usubiri. Sasa chukua begi la mlimani, lililofungwa nyongani ili mgongo ulale, lenye mifuko ya pembeni iliyotoka kama masikio, ulipitishe hapo. Lilikuwa limekaa pale pale ilipo meza, si juu, si chini. Kila hatua tawi moja lilishika zipu moja, na zipu, tumesema, zilikuwa kumi na saba. Mochama alivutwa nyuma kama mzazi aliyepita dukani na mtoto. Akajivuta mbele. Kra! Akavutwa tena. Kra!

"Bwana Picha!" Phyllis akageuka. "Unachuna ama unafyeka?"

"Samahani, Mama."

"Samahani haiendi kiwandani. Kiwanda wanataka majani mawili na chipukizi. Hii umenivunjia iko na majani manne na mti wake."

"Hili begi limetengenezwa na wataalamu."

"Hao wataalamu walikuwa na chai?"

"Walikuwa na milima."

"Basi peleka mlimani."

Alisema bila hasira, mikono yake ikiendelea kuchuna, na hilo ndilo lililouma. Mtu akikukasirikia amekuhesabu. Phyllis alikuwa anamwonya tu kama mtu anayemwonya mbuzi.

Halafu jua likatokea. Liliingia chini ya ukungu kutoka ng'ambo ya kijito, likapita juu ya meza ya chai, likamkuta Phyllis ameinua kiganja kilichojaa majani anayatupa kikapuni nyuma bila kutazama, na umande ukaruka begani kwake kama cheche. Ni picha ambayo mtu aliyekaa studio mwaka mzima huiota. Mochama aliitaka kwa lenzi ndefu. Jua la namna hiyo Kiptere halikai. Linapita kama askofu.

Lenzi ndefu ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa la kufunguliwa upande wa nje. Yaani ulivue, ulilaze chali, mikanda ya mgongoni ikiwa chini. Chini palikuwa tope. Akalilaza. Akafungua zipu ya kwanza: betri. Ya pili: risiti ya Kimeli. Ya tatu: kipakiti cha zile chembe za kukausha unyevu, kimeandikwa usile. Ya nne ilikuwa mfuko ndani ya mfuko, na ndani yake hamna kitu. Alipoipata lenzi, akaifunga kwenye kamera na kuinua kichwa, ukungu ulikuwa umejifunga tena kama pazia la hospitali. Phyllis alikuwa kivuli cha kijivu kinachoondoka.

Mochama akavaa begi. Tope la mikandani likapenya shati, baridi, likashuka uti wa mgongo pingili kwa pingili. Mgongo unalala tu, alisema Kimeli. Kweli, ulikuwa umelazwa matopeni.

Aliendelea hivyo hivyo, si kwa ushujaa bali kwa kuwa kurudi nyuma kulikuwa na matawi mengi vilevile. Alipiga picha za kutosha, za kawaida, za mtu aliyesimama kwenye kijivu. Kufikia saa sita kiuno kilikuwa kimeanza kuuma kwa ule uchungu anaoujua, unaoanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Ukiinama unabisha. Ukiinuka unabisha. Akaacha kuinama.

Saa saba Phyllis alibeba kikapu chake kilichojaa, akapanda mteremko hadi kituo cha kupimia majani, kibanda cha mabati chenye mizani inayoning'inia. Mochama alipofika, Phyllis alikuwa ameshakaa kwenye benchi, ameshakunywa nusu kikombe cha chai, na amewahadithia wanawake wengine wanne sura nzima ya kwanza.

"Huyu hapa," akasema. "Karani, mpime."

"Nipime nini?" karani akauliza.

"Mpimie mzigo. Tuone amechuna kilo ngapi."

Mochama hakuwa na nguvu ya kukataa. Kikapu cha Phyllis kilikuwa kimetoa kilo kumi na tatu. Karani akachukua begi, akalitundika, mizani ikashuka ikatikisika ikatulia.

"Kumi na tisa," akasema karani kwa sauti ya kazi. "Natoa mbili za maji. Lakini hii daraja ni mbaya, Mama Phyllis. Imeiva sana."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Phyllis peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama begi kwa jicho lililofinywa. "Hebu toa vitu. Pima ngozi yenyewe."

Wakavipanga vyombo juu ya gunia safi. Begi tupu likatundikwa. Kilo nne na nusu.

"Ngai!" akasema yule aliyemwaga chai. "Kamba iko karibu na uzito wa mbuzi mwenyewe!"

Mochama naye akacheka, maana si mtu wa kujinyima kicheko hata kikiwa cha kumcheka mwenyewe, lakini kilitoka kikiwa kimechoka.

Saa nane mvua ikaja, kama inavyokuja Kericho, bila kuchelewa kwa kuwa haina mahali pengine pa kwenda. Ilimkuta njiani akishuka kuelekea barabara kuu, ikaanza na maji, ikaendelea na mawe. Alitafuta koti la mvua la begi. Alifungua zipu sita huku mvua ya mawe ikimgonga kichwani na ikiingia kwenye kila zipu aliyoifungua, kisha akaona anaikaribisha ndani. Akavua koti lake mwenyewe, akalifunika begi, akatembea na shati kilomita mbili akiwa amepinda kama bawaba. Mtu na begi, mwenye koti alikuwa begi.

Sellah alimpokea mlangoni, akamvua begi, akalikamata kwa mikono miwili ghafla kwa vile hakutegemea uzito ule. Alifuta kamera moja moja kwa kitambaa cha pamba, akaziacha lenzi wazi karibu na jiko, mbali kiasi. Moja ilikuwa imeingia ukungu kwa ndani. Mwisho akaingiza vidole chini kabisa ya begi, kwenye mshono ambao hakuna mtu angeuita zipu, akavuta. Likatoka koti la mvua, rangi ya machungwa, limekunjwa vizuri. Lilikuwa kavu. Katika safari nzima ya Kiptere ndicho kitu pekee kilichorudi kikavu.

Mochama alilitazama. "Nimelala sakafuni," akasema, ingawa alikuwa bado amesimama. Kisha akalala.

Kutoka sakafuni akamweleza yote: matawi, jua lililopita, mizani. Sellah alisikiliza akikunja lile koti. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa chai, begi lilikaa wapi?"

Mochama akajigusa nyonga.

Sellah akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kabla ya kuolewa, na miaka michache baada ya kuolewa, Sellah alichuna chai kwenye shamba kubwa nje ya mji, miaka tisa kwa jumla. Mochama anaijua miaka hiyo kama mtu anavyojua tarehe ya uhuru: ipo, lakini haikumjia akilini akienda dukani.

"Kikapu hakikaagi kiunoni," Sellah akasema. "Kinakaa juu, hapa, kati ya mabega, na kitako chake kisishuke chini ya meza. Kikishuka kinavunja chai, na chai nayo inakuvunja wewe. Tena kiwe chembamba, kisipite upana wako. Msimamizi akiona kikapu kinagusa majani, alikuwa anapiga kelele ukiwa ng'ambo ile."

"Hukuniambia."

"Ulisema ni mambo ya kitaalamu."

Jumamosi Mochama alilirudisha begi kwa Kimeli. Kimeli alilipokea kwa sauti ile ile laini, akaligeuza, akasema, "Bosi, hii iko na matope," akamrudishia, na yakaishia hapo; likapelekwa nyumbani kwa bodaboda. Sasa begi hilo liko juu ya kabati, limejaa blanketi, na kwa kuhifadhi blanketi halina mpinzani.

Kutoka kwa Kimeli yeye na Sellah walikwenda sokoni kwa Beldina, binamu yake Sellah, anayeuza mabegi ya mitumba. Mochama alitembea mbele, mikono mitupu, mgongo umefungwa leso chini ya sweta. Sellah alitembea nyuma amebeba beseni kubwa la plastiki lililofunikwa taulo, na watu wawili njiani wakamuuliza sambusa ni ngapi. Ndani ya beseni kulikuwa na kamera mbili, lenzi tatu, taa, stendi, betri na nyaya.

"Shemeji!" Beldina akapiga makofi. "Nimesikia ulipimwa Kiptere!"

"Nani amekuambia?"

"Chai ina masikio, shemeji. Kilo kumi na tisa! Hata sisi tuliolelewa kwa viazi hatujabeba hizo."

"Tafuta begi," Sellah akasema. "Matusi utamalizia baadaye."

Likaanza zoezi. Kila begi lililoteuliwa lilijazwa vyombo vyote kutoka kwenye beseni, likavalishwa Mochama, na Mochama akaamriwa. Inama. Inuka. Nyosha mikono mbele kama unachuna. Pita hapa. Hapa palikuwa ni kipenyo kati ya meza ya Beldina na rundo la sweta la jirani yake, nafasi ya mguu mmoja, na Sellah alisimama pembeni akiangalia kama kuna sweta inayovutwa. Halafu livue, lilaze, fumba macho, nitolee lenzi ndefu.

Begi la kwanza lilikuwa jepesi na lilipita kwenye sweta bila kugusa, lakini lilifunguka juu tu, kama gunia la viazi, na unachokitaka kwenye gunia huwa chini siku zote. Likarudishwa. La pili lilikuwa jeusi, la kupendeza, picha ya kamera imeshonwa mbele kwa uzi wa fedha. Mochama aling'aa kidogo.

"Hilo linawatangazia wezi kilichomo," Sellah akasema. Akavuta mkanda, kifungo kikabaki mkononi mwake. Likarudishwa pia.

Inama, inuka, pita hapa. Mochama alikuwa anatoka jasho la baridi. Jirani wa sweta aliacha biashara yake, akakaa kutazama.

La tatu Beldina alilichimbua chini ya belo la mitumba. Lilikuwa rangi ya majani makavu, jembamba, fupi, kiraka kitakoni, na kwa ndani mtu fulani wa nchi fulani alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu nzito. Zipu nne. Lilifunguka upande wa mgongoni, kwa hiyo ukililaza, linalala lenyewe kifudifudi, mikanda juu, na kinachogusa tope si kinachokugusa wewe. Sellah alililaza, akalifungua, akafumba macho yeye mwenyewe, akatoa lenzi ndefu kwa jaribio la kwanza. Beldina akalimwagia kikombe cha maji, maji yakateleza. Mochama akavaa. Likakaa juu, kati ya mabega. Akainama, akainuka. Akapita kati ya meza na sweta, akarudi, akapita tena, na hakuna sweta iliyomfuata.

"Limekaaje?" Sellah akauliza.

"Limekaa," Mochama akasema.

"Limekaa vizuri ama limekaa?"

"Vizuri, vizuri, sikatai. Lakini Mama Moraa, tazama. Hili ni la mtoto wa darasa la sita. Nikiingia nalo kwa mkulima atanitafutia penseli. Watu huamini kwa macho. Janefer akiniona hivi..."

"Janefer anataka picha, shemeji. Begi hatatundika ofisini," Beldina akasema.

"Wewe unauza begi ama mawaidha?"

"Mawaidha ni nyongeza."

"Na hiki kiraka?"

"Kiraka ni cha bure pia."

Jirani wa sweta akacheka. Mochama alikaa juu ya belo, begi bado mgongoni, na uso wake ukalegea wote kwa mara moja, kama hema lililong'olewa nguzo. Alipozungumza tena hakuwa anabishana na Beldina.

"Mimi nimechoka, Mama Moraa. Si begi. Begi ni zuri, mnaona wenyewe. Ni mimi. Wakulima ni thelathini, nimepiga mmoja, na nimempiga kwa kijivu. Wamebaki ishirini na tisa, wote wako kwenye mteremko. Jumatatu nitampigia Janefer atafute mtu mwenye mgongo mpya. Lenzi ndefu tutaiuza. Nirudi studio, nikae kwenye kiti changu. Pale angalau mgongo unapumzika, na wewe pia upumzike."

Jirani aligeukia sweta zake, akaanza kuzikunja zilizokwisha kukunjwa.

Sellah alikuwa amepiga goti nyuma yake, anavuta mikanda ipande kidogo, na hakuacha kuvuta.

"Baba Moraa," akasema, "umekaa studio mwaka mzima, na mgongo huo nimeukanda kila jioni. Kama ni kukanda, nitakanda tu. Afadhali nikande uliotoka kazini."